Ufa Upande wa Dereva

Jumatatu, 1 Julai 1974

Balaa! Tena la asubuhi. Nateremka kutoka Soni na Landrova ya kijiji, kabichi zimejaa hadi juu, mbele yangu lori la mbao. Nikalisogelea karibu kabisa. Sababu ninayo: lori zito likitangulia, naona mashimo yalipo kwa jinsi linavyoruka. Akili! Likaruka kweli. Likarusha jiwe. Paa! Kioo cha mbele, upande wangu, kimepata ufa mdogo kama punje ya mahindi.

Mungu wangu. Juzi tu springi imekatika. Kabla yake ringi ilipinda. Yote mashimo. Mwenyekiti wetu, Mzee Tobia, aliniambia mbele ya kamati kwamba gari likiharibika tena mkononi mwangu, usukani anapewa Ramadhani na mimi naenda kushika jembe. Jembe! Mimi, Sefania, ambaye watoto wanaijua honi yangu kuliko kengele ya shule! Na kioo kipya hakipatikani. Tanga hakuna. Dar es Salaam wanasema tusubiri.

Nimebandika karatasi juu ya ufa. Nimeandika UHURU NA KAZI. Nani atathubutu kuibandua?

Jumanne, 2 Julai

Ramadhani. Zamani aliendesha lori la chai na hakubali tusahau. Leo kalizunguka gari langu, mikono nyuma, kama anayekagua ng'ombe mnadani. Kisha kaenda dukani kuhubiri. Kwamba dereva hupunguza mwendo kabla ya shimo, maana ukikanyaga breki ukiwa ndani yake springi inakwenda. Kwamba dimbwi usiliamini, hujui kina chake. Kwamba gari la mbele uliachie nafasi. Kwamba ufa mdogo hutibiwa mapema kabla haujatembea. Watu wakaitikia kwa vichwa. Wakamnunulia chai!

Hayo yote nayajua. Tatizo ni barabara, si mimi.

Akaniuliza karatasi ile inaficha nini. Nikamjibu kwamba ni uzalendo.

Jumatano, 3 Julai

Baridi ya kufa mtu. Kioo kimejaa umande, sioni mbele. Yudith, mke wangu, alikuwa amechemsha maji ya kuoga. Nikachukua ndoo nzima nikamwaga juu ya kioo. Krrr! Ufa ukaanza safari mbele ya macho yangu, taratibu, bila haraka, mpaka ukatokeza pande zote mbili za karatasi. Yudith akasema hata glasi ya chai haifanyiwi hivyo. Kisha akauliza yeye sasa ataoga nini.

Habari nyingine, mbaya zaidi. Sabasaba tunapata mgeni mkubwa kutoka wilayani. Gari lake liko gereji, springi imekatika, na mimi ndiye wa kumfuata Lushoto. Niliingia ndani ya Landrova, nikafunga mlango, nikalia kidogo.

Alhamisi, 4 Julai

Nimefufuka! Nilimshauri Mzee Tobia tuitishe msaragambo, kijiji kizima kitoke kufanya kazi, tuzibe mashimo kwa heshima ya mgeni. Akakubali. Kama ilivyo desturi yetu, kila nyumba ikapewa kipande chake cha barabara, na asiyetokea anajua atakavyosemwa. Mama Hadija na kina mama wenzake wakabeba mawe na kokoto kutoka mtoni hadi shingo zikauma. Mashimo yakajaa. Ikabaki kushindilia. Watu wakashika magogo, Mama Hadija akaanzisha wimbo.

Hapo harufu ya makande ikanifikia.

Nikapaza sauti. Nikawaambia ndugu zangu wasijichoshe, nitashindilia mwenyewe kwa Landrova, nenda rudi, nenda rudi, mpaka barabara iwe ngumu kama sakafu. Wakapiga makofi. Mzee Tobia akanishika mkono mbele ya Ramadhani! Tukala. Nilishiba kupita kiasi, nikalala mpaka jioni.

Ijumaa, 5 Julai

Leo nimejishangaa mwenyewe. Kioo cha mbele cha Landrova ni vipande viwili, kimoja cha dereva, kimoja cha abiria, vyote sawa. Basi nimebadilisha! Nimejificha nyuma ya ghala kutwa nzima. Bolti zina kutu, vidole vimechubuka, na ufa umerefuka tena kwa kugongwagongwa. Lakini uko upande wa abiria. Mimi naona safi. Juu ya ufa nimetundika bendera ya TANU.

Nilipomaliza ndipo nikakumbuka mgeni atakaa wapi. Si kitu. Ataona ni heshima.

Kushindilia barabara sikupata nafasi.

Jumapili, 7 Julai. Sabasaba

Laiti nisingeamka.

Nilimpokea mgeni kwa shikamoo nzuri. Tulipofika njiani akaomba niondoe bendera aone milima. Nikaondoa. Akautazama ufa, akanitazama mimi, akaniomba niende polepole. Nikamhakikishia kwamba kazi naijua.

Karibu na kijiji, ukungu mzito. Mbele yetu lori la chai. Nikalisogelea nione taa zake. Likaingia kwenye kipande cha msaragambo na kokoto zetu wenyewe, zilizobebwa kwa shingo za mama zetu, zikaanza kuruka. Moja ikamaliza kioo cha mgeni, vipande vikamjaa mapajani. Sijasema pole, nyingine ikamaliza changu. Namshukuru Mungu hakuna aliyekatwa. Lakini upepo ule! Mgeni alifika akitetemeka, ukungu unamchuruzika kwenye kola. Hotuba ilifika kwenye "Ndugu wananchi", ikawa kikohozi mpaka mwisho. Kwaya iliimba nyimbo zote inazozijua, ikazirudia.

Mzee Tobia aliniambia tu kwamba kesho kamati inakaa. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu, 8 Julai

Kamati haikukaa sana. Ramadhani amekabidhiwa ufunguo. Alinawa mikono kwanza! Mimi nimepewa gogo, nishindilie barabara yote peke yangu. Yudith anasema angalau nitakula mchana nyumbani. Sikuweza kula. Nimepita njia nzima leo na hakuna aliyenipungia mkono. Bila usukani mimi ni nani?

Jumanne, 9 Julai

Kwenye kona nimeacha shimo moja wazi, kubwa. Nikalifunika kwa majani. Acha naye springi imkatikie, tuone kamati itasemaje!

Ramadhani akaja. Mwendo wa mazishi. Akasimama kabla ya shimo, akashuka, akayaondoa majani, akanisalimu kwa jina, akalizunguka. Nilikuwa namkodolea macho, gogo liko juu. Likashuka juu ya mguu wangu.

Jumatano, 10 Julai

Naandika nikiwa hospitali, Bumbuli. Kidole gumba kimevunjika. Nililetwa na Ramadhani, nimelala nyuma juu ya magunia, yeye mbele bila kioo, machozi yanamtoka kwa upepo, kila shimo analikwepa kama analiomba ruhusa. Safari ya kuchosha. Lakini ilinipa muda wa kufikiri, na nimegundua kosa letu lilikuwa wapi.

Kosa lilikuwa ni kioo! Gari lisilo na kioo halivunjiki kioo. Nikipona nitakwenda mbele ya kamati niwaeleze waache kuhangaika na Dar es Salaam, wanirudishie usukani tu. Mashimo hayo nitayapita mbio, maana sasa hakuna kitu cha kuogopa.