Nilivyombeba Bikira Mbele

Jumapili, Julai 13
Kesho tunapimwa urefu. Mbele ya machela ya sanamu ya Bikira Maria wa Karmeli, tunayoibeba kwenye maandamano ya sikukuu, huwekwa warefu, nyuma wafupi. Mimi nyuma tangu ujana, nikinusa makwapa ya wenzangu. Shemeji yangu Eleuterio mbele. Bila shaka! Twiga yule. Mama kanikumbusha tena kwamba marehemu baba alibeba mbele, na hataki kufa kabla hajaniona pale. Hali yake si nzuri. Mwaka huu nabeba mbele, liwalo na liwe.

Jumatatu, Julai 14
Akili ni mali! Nimekatakata maboya ya wavu wa baba, nikayashindilia ndani ya raba. Mzee Baldomero, msimamizi wetu, alinipima, akafuta miwani, akanipima upya. Akauliza nakula nini siku hizi. Nikamwambia dengu za mama. Nimewekwa mbele! Eleuterio, ubavuni pangu, akasema natembea kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Wivu tu.

Jumanne, Julai 15
Malengelenge! Leo wanawake wamempamba Bikira kwa mawaridi meupe. Nilichungulia kanisani, machozi yakanitoka. Uso ule ni wa mtu anayengoja kila mvuvi arudi. Hakuna mji unaojua kupenda kama wetu.

Jumatano, Julai 16
Sikukuu! Fataki, kengele, moshi wa sardini kila kona. Tukamshusha Bikira hadi ufukweni. Mama mstari wa mbele, kwenye kiti chake cha magurudumu. Kama kawaida, wabebaji wakavua viatu ili tuingie naye majini, abariki mashua. Nikadai nimeweka nadhiri ya kutovua. Mzee Baldomero akasema hajapata kusikia nadhiri ya aina hiyo, ila nadhiri ni nadhiri.

Maji yalipofika kiunoni, raba zikaanza kupanda. Ole wangu! Mtoto wa mvuvi, nimesahau kazi ya boya! Miguu ikaja juu, nikabaki nikining'inia kwenye mti wa machela. Bikira akainama. Ufukwe mzima ukapiga yowe. Eleuterio akachuchumaa hadi maji yakamfika kidevuni, akapitisha bega chini ya upande wangu, akamwinua Bikira pamoja na mimi. Akaniambia tu, "Tulia, shemeji, nimekushika." Mwanamume yule, jamani! Nampenda, na inaniuma kuandika hivyo.

Alhamisi, Julai 17
Mzee Baldomero ametangaza kwamba mwakani nabeba nyuma, tena peku. Nikaenda kwa mama kumwomba radhi. Nikamkuta kavaa gauni la sikukuu, majirani wamemzunguka. Anawaambia Bikira alimwinamia yeye, akamsalimia mbele ya mji mzima. Kala sahani mbili za wali. Habari za kufa hataki kuzisikia tena: mwakani lazima awepo, apate salamu nyingine.

Nimewaza sana. Mama ni mama, na salamu yake lazima aipate. Nimetoka bandarini sasa hivi. Kumbe wanayo maboya makubwa zaidi.