Jua la Majirani Ndani ya Cherehani Yangu

Ndugu Meneja wa Usambazaji Umeme,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya mikono yote ya nguo iliyodhulumiwa, mimi fundi cherehani wa nyumba ya mwisho kwenye laini yenu naleta malalamiko yangu juu ya jua.

1. Kwa miaka mingi umeme ulinifikia ukiwa hoi, umekwisha nyonywa na kila nyumba njiani. Niliuzoea hivyo hivyo. Nikajifunza kukanyaga pedali hadi mwisho ndipo cherehani yangu ya umeme ijikongoje. Sasa majirani wamejaza paneli za sola mapaani. Adhuhuri hutumia kidogo, na ziada huimwaga kwenye waya wetu sote. Juzi nilikanyaga kama kawaida, cherehani ikatoka mbio kama punda aliyeumwa na nyuki, nikaufunga kabisa mkono wa gauni la muuguzi mkuu. Alipolijaribu, mkono wake uliingia ukakosa pa kutokea. Amesema sare za wauguzi wake zilizobaki kwangu zisipokuwa tayari Ijumaa, kazi ataihamishia kwingine. Ndiyo kazi inayotulisha.

2. Jua likizama, majirani haohao huirudia laini kwa pamoja, wapike na kupiga pasi. Cherehani husinzia katikati ya pindo.

3. Wingu likipita, umeme hupanda na kushuka. Nimelazimika kumweka mama mkwe dirishani atangaze mawingu. Sasa ameanza kuyatangaza hata yasiyokuwapo, kila anapotaka chai.

Kwa hiyo naomba paneli zote zivikwe mashuka adhuhuri. Ikishindikana, kila kaya iamriwe kuchemsha maji mchana kutwa, wenye kiu na wasio nayo. Hilo nalo likishindikana, jua ligawiwe kwa zamu, mtaa kwa mtaa, kama mlivyokuwa mkitugawia umeme. Uzoefu mnao.

Wasalimieni wapanda nguzo, karani wa dirisha la malalamiko, ambaye sasa mimi naye tumekuwa kama ndugu, na wote wa nyumbani kwenu.

Wenu mtiifu,
Fundi wa Nyumba ya Mwisho

Tanbihi: Nilipotoka kutafuta bahasha, mke wangu aliketi kwenye cherehani, adhuhuri hiyohiyo, akakanyaga kwa kidole gumba cha mguu. Nimerudi nimekuta sare zote zimekwisha. Muuguzi mkuu amezichukua na kuagiza nyingine, kwa sharti kwamba mshonaji asiwe mimi. Tafadhali msitume mtu. Mke wangu anauliza tu kama mnaweza kuwahimiza majirani waongeze paneli.