Chuo Alichosoma Baba

Jumapili, 3 Novemba

Sabla yetu mpya hapa Nizwa inafunguliwa Ijumaa. Ukumbi wa ukoo mzima, wa harusi na matanga, na juu ya mahali pa kahawa pameachwa nafasi ya picha moja. Moja tu! Binamu yangu Abdullatif anataka itundikwe ya baba yake, Ami Thani, aliyesimamia maji ya falaji, mfereji wa mashamba yetu, miaka thelathini. Falaji! Nikawaambia wazee kwamba marehemu baba yangu, alipotoka Unguja baada ya mapinduzi, alisoma chuo kikuu Uingereza. Picha ninayo: Baba kavaa koti, anacheka, nyuma yake jengo la matofali lenye dohani ndefu. Wazee wakasema mashaallah. Abdullatif akauliza chuo gani. Nikasema kikubwa.

Jumatatu, 4 Novemba

Chuo gani, lakini? Nyuma ya picha pameandikwa Halifax, 1967, basi. Binti yangu Basma atawauliza mtandaoni watu wa huko wanaopenda historia ya mji wao. Nimemwambia apige picha lile jengo tu. Uso wa Baba usitazamwe na watu nisiowajua. Kibao cha shaba cha kuweka chini ya picha nimeshaagiza.

Jumanne, 5 Novemba

Astaghafirullah. Mara mia.

Kiwanda cha bia!

Basma alinisomea majibu huku kajiziba mdomo asicheke. Mzee mmoja wa Kiingereza kaandika kurasa tatu, kwa furaha, utadhani ananipa hongera. Eti miji ya kaskazini kila mmoja ulikuwa na viwanda vyake vya bia, na kila kiwanda kina mabaa yake, na baa haiuzi ila bia ya bwana wake. Baa moja inaitwa Mwanakondoo! Nyingine Askofu! Baadaye makampuni makubwa yakavinunua viwanda, yakavifunga. Hiki chetu sasa watu wamepanga ndani, wanalala. Mzee anauliza kama tuna picha zaidi.

Sijala chakula cha mchana.

Jumatano, 6 Novemba

Basma anasema niwaambie wazee ukweli. Mtoto huyu hajui ukoo.

Nimechukua mkasi. Picha nzima ikibaki, ipo siku Abdullatif ataiona. Nimemkata Baba kuanzia kifuani kwenda juu. Hapo ndipo nilipoyaona mapipa, yamepangwa nyuma ya miguu yake! Miaka yote nilidhani matangi ya maji ya wanafunzi. Vipande vilivyobaki nikavitia chetezoni pamoja na ubani. Nyumba imenukia vizuri.

Kisha kichwa cha Baba nikampelekea fundi wa picha. Nimemwambia atie joho na rafu za vitabu, urefu mita mbili. Akauliza na miwani? Nikasema tia.

Ijumaa, 8 Novemba



Baada ya sala picha ilifunuliwa. Baba kama waziri! Abdullatif alinuna, nami nikanywa finjani tano za kahawa kwa raha. Ndipo akaingia Mzee Yazeed, ametoka Sur kwa ajili yetu. Aliishi na Baba chumba kimoja kule Halifax. Nikampa shikamoo. Yeye anatazama ukuta. Akauliza yule ni nani.

Akasema mbele ya watu wote kwamba Baba hakukanyaga chuo. Alitafuta kazi miezi minne, kila mlango ukafungwa, mpaka kiwanda cha bia kikampokea kutia makaa tanurini. Tone hakulionja, na kila sala aliomba apate kazi nyingine. Alichopata alimpelekea mdogo wake, Ami Thani, apate kutoka Unguja. Siku alipopata kazi kwenye kiwanda cha sufu alilitupa sepetu, akasimama mbele ya mapipa, na Mzee Yazeed mwenyewe akampiga picha. Ndiyo maana anacheka.

Kisha kilio. Abdullatif! Akasema pasingekuwa na makaa yale, yeye asingezaliwa. Ya baba yake hataki tena, anataka ile ya kweli itundikwe, na dohani yake, na mapipa yake. Wazee wote wakakubali. Wote wakanigeukia.

Nikasema ipo nyumbani.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimechokora majivu ya chetezo kwa kijiti. Hamna kitu. Baba alisimama pale kwa miguu yake, siku yake ya furaha, na miguu hiyo nimeichoma mimi. Nimelia, nasema kweli.

Basma kaniambia niende nikakiri leo leo, watanisamehe. Huenda.

Nimekwenda kwa fundi. Joho litoke, miwani itoke, jengo lirudi kama alivyolipiga picha Basma. Mapipa nimesema ishirini, yasionekane machache. Na Mzee Yazeed asimame ubavuni kwa Baba, kamshika bega, wote wanacheka. Mzee atafurahi mno. Najua ndiye aliyeshika kamera, lakini miaka yote hiyo, nani atakumbuka?