Ufunguo wa Mjane Ni Ishara

Jumatatu, 6 Februari

Hoja yangu ni hii, na nitaitetea mpaka wino uishe: kijana wa miaka kumi na mitatu hawezi kuipenda riwaya kabla ya kufafanuliwa ishara zake. Ufafanuzi kwanza, kusoma baadaye. Anayepinga hakwenda chuo, au alikwenda kulala.

Leo nimelipendekezea darasa zima riwaya nene kuliko zote maktabani, ile ya mjane anayevaa ufunguo shingoni. Nakala ishirini, hazijaguswa hata na mende. Nimefafanua kipindi kizima. Ufunguo ni ishara ya uhuru walionyimwa wanyonge! Nimechora ubaoni. Nimetoka jasho. Swali limeulizwa moja tu: kama kengele imeharibika.

Hakuna aliyeazima. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni, kwa kustaajabu, nilidhani. Kumbe alikuja kuniarifu, kwa upole wa daktari wa meno, kwamba rafu yangu ya mapendekezo, ile ya karibu na mlango, inaombwa na mwalimu wa michezo aweke vikombe vyake. Nimepewa mpaka Ijumaa. Riwaya zitoke, la sivyo vikombe viingie.

Vikombe! Nimevichunguza. Vingi ni vya kushiriki.

Jumanne, 7 Februari

Mbinu mpya. Nimebandika ufafanuzi wa kurasa sita juu ya jalada la kila nakala. Mpwa wangu, binti wa dada yangu ninayeishi kwake, ambaye kwa bahati mbaya anasoma shule hii hii, amepita akatangaza kwamba sasa kitabu kimevaa koti, Mjomba. Nimemkumbusha kuwa hapa mimi si mjomba, ni Bwana Mkutubi. Akasema sawa, Bwana Mjomba. Wenzake wakacheka hadi wakashikana mabega. Nimevumilia.

Lakini baada ya masomo, ushindi! Wavulana wawili wameazima nakala nne. Wamezipima mkononi, wakatazamana, wakaridhika. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Nimemwambia dada kwamba kizazi hiki kimeokoka. Akaniuliza kimeokoka na nini, na kama nimekumbuka sabuni.

Sabuni!

Jumatano, 8 Februari

Magoli! Nakala zangu ni magoli! Mbili huku, mbili kule, vumbi tele. Nimeziona kupitia dirisha, nikakimbilia uwanjani na kalamu sikioni. Mwalimu wa michezo amenipokea kwa bashasha. Kasema mawe yalikuwa yanawaumiza vidole, na kwamba hajapata kuona riwaya isiyoyumba kama hii.

Golikipa alikuwa mpwa wangu. Timu yake inashambulia kule mbali, yeye hana kazi, ameketi chini anausoma mlingoti wa kulia. Ufafanuzi wangu ameubandua. Ameukalia.

Bila kuinua macho, akaniuliza nani aliniambia ufunguo ni ishara. Nikamjibu kwa utaratibu wa kitaaluma. Akasema hapana, Mjomba, huyu mama amemfungia shemeji yake ghalani. Nikasema ghala nalo ni ishara. Shemeji pia.

“Sasa Mjomba, ishara inapiga mlango mateke?”

Bao likaingia. Hakuna aliyeshangilia. Timu zote mbili zilikuwa zimetuzunguka, zinataka kujua shemeji gani, kafanya nini, na humo ghalani anakula nini. Nikatamka kwamba nina shahada. Kelele zilizofuata sitaziandika.

Alhamisi, 9 Februari

Rafu tupu! Nakala zote zimeondoka kabla ya kengele ya kwanza. Waliokosa wanasoma kwa kuchungulia mabegani mwa wenzao. Nimemkuta mmoja anatembea huku anasoma. Kaugonga mlango, kauomba radhi, kaendelea.

Sababu iko wazi: ufafanuzi wangu wa Jumatatu umechukua siku tatu kuiva.

Wakati wa chakula cha jioni mpwa amedai kwamba darasa zima linatafuta ukurasa wa kunifunga mdomo. Utoto huo! Dada, bila aibu, akatoa nakala chini ya kanga, akasema shemeji yule alistahili, na mimi je, nimeisoma kweli? Mara mbili! Shemeji nilimwona. Nilimweka katika mambo madogo ya kimatukio.

Ijumaa, 10 Februari

Rafu ni yangu! Mwalimu mkuu ameitazama ilivyo tupu, akanishika mkono kwa muda mrefu. Mwalimu wa michezo amevikumbatia vikombe vyake akaondoka. Mlangoni akageuka, akauliza kwa sauti ya chini kama imebaki nakala hata moja. Haijabaki. Nimefurahi isivyo kistaarabu.

Kisha darasa likapiga kura: ishara au ghala? Mpwa akasoma ukurasa ambao mlango unafunguliwa, shemeji anatoka na nywele zimejaa pumba, anaomba maji. Watoto wakaruka juu ya viti. Ghala likapata kura zote isipokuwa yangu. Nimewaeleza kwa utulivu kwamba hapo mwandishi amekosea.

Wiki ijayo: riwaya nene zaidi, vipindi viwili, ufafanuzi wa kurasa kumi na mbili, na gundi isiyobanduka. Njia iliyoleta ushindi haibadilishwi.

Na nimebandika tangazo ubaoni, kwa herufi kubwa. Namtaka golikipa anijibu hadharani, Jumatatu asubuhi, mbele ya shule nzima. Sharti ni moja tu: aje bila kitabu.