Kicheko cha Mtoni

Jumatatu, 14 Julai 2025

Leo tena watu wote kwa Anuari! Kwangu wateja wawili, mmoja amelala. Mimi nina benchi mpya, pazia jipya, feni inayozunguka ukiigonga. Kibanda umiza cha Anuari, cha kuonyeshea video kama changu, hakina hata feni, na bado watu wanagombania mlango. Yote hayo kwa filamu moja! Mama mchora ramani na nahodha mwongo wanaingia msituni kutafuta kengele ya dhahabu iliyoibwa. Wanagombana, wanakimbizwa, wanaanguka mtoni, wanapendana. Mtaa wetu mzima wa Makanyagio umeshaiona na bado unarudi.

Aliyeiingizia Kiswahili ni DJ Sadalla, Mungu amrehemu. Aliketi na maikrofoni kwa Anuari, akaigiza sauti zote peke yake, hadi ya mamba. Mto wao akauita Katuma, kama huu wetu. Jambazi akamfanya mtu wa Kasansa. Mara anasimamisha hadithi anawasalimia watu wa Magamba. Haukupita muda akaugua, akafa. Ilikuwa kazi yake ya mwisho, na nakala pekee anayo Anuari.

Wateja nawasamehe. Linaloniuma ni Hadia, fundi cherehani, mjane wa Sadalla. Eda yake imeisha zamani. Kila mchana anafunika cherehani, anaenda kwa Anuari, anakaa benchi ya mbele. Mimi nimepeleka posa. Anuari naye, kwa ushindani tu, amepeleka. Hadia amesema atajibu Jumapili. Dada yangu Mwanaiddi, aliyenipelekea posa, ameniomba nitulie, nisifanye chochote. Nisifanye chochote! Huyo kweli ni ndugu yangu?

Jumanne, 15 Julai

Nimeingia kwa Anuari nimejificha ndani ya koti la mvua. Nje vumbi tupu. Kila mtu amenisalimia kwa jina.

Nikakaa nyuma kuichunguza filamu kitaalamu. Mchana kweupe, lakini mle ndani giza, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Sauti ya Sadalla ikaanza. Nzito, ya karibu mno, kama ya mtu anayekusemesha sikioni. Vinyweleo vilinisimama. Baridi ya Julai hiyo.

Hadia yuko mbele. Watu wamesimama hadi ukutani, lakini nafasi ya kando yake iko wazi. Bahati! Nikapiga hatua. Mama mmoja akanidaka koti, akaninong'oneza nisikae pale, pana mtu. Nimeangalia vizuri. Hapakuwa na mtu. Mkoba wa Hadia tu, umevutwa pembeni, kama unavyofanya ukimpisha mwenzako akae.

Pale wanapoanguka mtoni Sadalla haongei. Anacheka. Anacheka mpaka pumzi zinamkatika, na banda zima linacheka naye. Hadia hakuangalia skrini hata kidogo. Aliinamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika.

Nimeshaelewa kinachowavuta. Ni kofia! Nahodha ana kofia pana. Mwanamke hana ubavu mbele ya kofia. Nimenunua moja sokoni.

Jumatano, 16 Julai

Kofia imeshindwa. Nimepita mbele ya cherehani ya Hadia nikienda, nikarudi, nikaenda tena. Akaniuliza kwa heshima kama nimepata kazi ya kufukuza ndege kwenye mpunga.

Nikahamia mbinu ya pili: ugomvi. Wale wawili wanapendana kwa kugombana. Nikampelekea suruali aliyonishonea mwaka jana, nikalalamika mbele za watu kwamba mguu mmoja mrefu. Akaipima. Suruali iko sawa. Akanipima mimi. Nimezaliwa na mguu mfupi na hakuna aliyewahi kuniambia!

Halafu muujiza. Nimekaa natunga hila ya kuipata ile filamu, mara Anuari huyu hapa, na flashi imefungwa kwenye kitambaa. Akaiweka mezani kwa mkono wa kushoto, akasema chukua. Anasema jana, nilipokwisha kuondoka, umeme ulikatika. Televisheni ikazima, spika zikazima. Sauti ikaendelea. Ikamalizia sentensi yake, kisha ikamkaribisha mtu aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni. Ikamwambia ainamishe kichwa, mlango mfupi.

Anuari ameondoa na posa yake. Eti hawezi kushindana na mwanaume ambaye bado hajaondoka. Akanawa mikono kwenye ndoo yangu ya maji ya kunywa, akatoka bila kuaga. Mwoga! Nimeshinda bila kutoka jasho.

Alhamisi, 17 Julai

Sikulala kwa furaha, na alfajiri wazo likanijia. Si kofia. Si ugomvi. Ni sauti! Wanawake wanaipenda filamu ile kwa sababu ya sauti ya mwanaume. Basi iwe yangu.

Nimempelekea flashi Zablon, fundi kompyuta wa kule stesheni. Akanionya kwamba akiiondoa sauti ya marehemu hairudi tena. Akauliza kama kuna nakala nyingine. Nikasema zipo. Akanitazama, akauliza tena. Nikasema zimejaa tele. Akaifuta.

Nimerekodi kutwa. Nahodha sasa anaitwa Abuu, jina langu mwenyewe. Mchora ramani anaitwa Hadia. Pale mtoni nimeweka maneno mazito ya mapenzi, nimeyapaza mpaka koo likawaka moto. Kitu kimoja tu kiliniudhi. Kila nikinyamaza kuvuta pumzi, nasikia na mwingine anavuta. Nikamgombeza Zablon asihemee kwenye maikrofoni yangu. Kugeuka, Zablon yuko ng'ambo ya barabara ananunua muhogo.

Aliporudi alivaa spika za masikioni asikilize kazi. Akazivua haraka, akazitupa mezani. Nikamwuliza nimekosea wapi. Akaniuliza ni nani niliyekuja naye. Nikamwambia nimekuja peke yangu. Akanikabidhi flashi, akakataa kubaki na nakala, akanifungulia mlango mwenyewe. Watu wa kompyuta wana wivu sana.

Jumamosi, 19 Julai

Nimejaza! Nimetangaza kwa spika kutwa ya jana kwamba filamu imehamia kwangu. Wamekuja wa Makanyagio, wamekuja hadi wa Magamba na watoto migongoni. Na Hadia amekuja. Khanga mpya. Akakaa benchi ya mbele, akausogeza mkoba pembeni, akainamisha kichwa akisubiri. Nilisimama kando ya televisheni na kofia yangu.

Sauti yangu ikaanza.

Watu wakatazamana. Mmoja akauliza Sadalla yuko wapi. Hadia akainua kichwa, akaitazama skrini kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta wageni wanakula. Mchora ramani akaitwa Hadia, kwa sauti yangu, mara ya kwanza, mara ya pili. Hata watoto wachanga hawakulia. Feni ikasimama, na safari hii hakuna aliyeigonga.

Tukafika mtoni. Nikakaza mkanda nisikilize maneno yangu mazito. Hayakuja.

Kikaja kicheko. Kile kile, kirefu, mpaka pumzi zinakatika. Mimi nilisema pale! Nilisema kwa nguvu, koo linaniuma mpaka leo! Hakuna aliyecheka. Wakainuka mmoja mmoja, wakatoka wameinama, wanawake wakijifunika khanga vichwani kama wanatoka msibani. Akabaki Hadia, machozi yanamtiririka na midomo inatabasamu. Uso wa namna hiyo sijawahi kuuona kwa mtu.

Nikamwuliza kama ameipenda.

Jumapili, 20 Julai

Siku ya jibu. Hadia amekuja mwenyewe, ameongozana na dada Mwanaiddi. Nilikuwa nimepaka mafuta hadi viatuni.

Jibu ni hapana.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema, "Kaka Abuu, mimi hiyo filamu sijawahi kuiangalia." Simu iliyokuwa na sauti za mumewe iliharibika baada ya mazishi. Hana pengine popote anapomsikia. Alikuwa anakwenda kwa Anuari kukaa na mumewe, basi, filamu ikiisha anarudi kwenye cherehani. Kengele ya dhahabu haijui, nahodha hamjui.

Na kile kicheko. Siku Sadalla anarekodi, Hadia alimpelekea chai, akajikwaa kwenye waya, birika lote likamwagikia mapajani mwa mumewe, filamu ikiwa palepale mtoni. Sadalla akacheka mpaka akashindwa kuongea. Anuari alitaka wakate, warudie. Sadalla akakataa, akasema hicho kibaki. Watu wanadhani anamcheka nahodha. Anamcheka mkewe.

Nimefuta vingine vyote. Hadia ameniomba kimoja hicho nisikiguse. Atakuja kila siku, atakaa, atakisikiliza, ataondoka, hatanisumbua. Alikuwa ananiomba mimi, amekunja mikono, wakati mimi ndiye niliyemfanyia. Niliona aibu, kweli niliona. Nikalia. Nikaapa kwa jina la Mungu, mbele ya dada, kwamba sitakifuta kamwe.

Hadia akanishukuru. Mwanaiddi alinitazama tu mpaka nikahisi nimekosa, na nilikuwa sijafanya chochote bado.

Jumatatu, 21 Julai

Nimefikiri vizuri. Hadia amesema atakuja kila siku. Kila siku, kwangu! Huko ni kukataliwa? Leo amefika wa kwanza. Wateja wengine hawakuja, tukawa sisi tu. Nikaiwasha.

Filamu ina hitilafu. Leo kabla ya mtoni kuna mtu amewasalimia watu wa Magamba, na si mimi. Mamba naye ana sauti ambayo sikumpa. Sauti yangu inafifia, katikati kule haisikiki kabisa, halafu nahodha anajibu vizuri tu bila mimi. Nimempigia Zablon. Akasema nisimpigie tena, akakata.

Hadia alitoka na uso mwororo, akanishukuru kwa mara nyingine. Mara mbili ndani ya siku mbili! Mwanamke akikushukuru hivyo ameshafika nusu ya njia. Kinachomzuia ni kile kicheko tu. Mwanaume mzima nishindwe na kicheko?

Kiapo ni kiapo. Niliapa sitakifuta, na sitakifuta. Nitacheka juu yake. Juu yake si kufuta. Kesho akija atasikia mtu anacheka, atainua kichwa, ataniona. Na ili kiwe cha kweli nimechemsha chai na nimejimwagia mapajani. Sadalla alichekaje? Hii inaunguza!

Nimefunga mlango. Nimeazima maikrofoni ya msikitini, nimewaambia ni kwa ajili ya tangazo. Nimefika mtoni, nimejaribu mara moja. Kimeitika kingine nyuma yangu, kirefu kuliko changu, mpaka pumzi zikakatika. Kisha kikanyamaza, kama kinanisubiri.

Nadhani ni spika. Narudia.