Rungu la Baruti na Kiti cha Nahodha

Jumatatu, 9 Juni

Nimekuwa nahodha wa timu yetu ya gemu! Kuanzia leo kiti chenye egemeo ni changu. Wengine watabanana kwenye benchi. Athanas, mwenye banda la gemu hapa Runzewe, kanipa mimi kwa kuwa ndimi mkubwa kwa umri. Sanket wa duka la vitambaa alikitaka. Ana shabaha, nakiri. Lakini mgongo wake bado mzima, wangu umeliwa na duara, shimo letu la kuchimbia dhahabu. Sharti ni moja tu: Jumamosi inakuja timu ya Nyahanga kushindana nasi. Tukifungwa, kiti kinahama kwa Sanket.

Nina mpango.

Jumanne, 10 Juni

Mpango ni rungu la baruti. Kwenye gemu hii timu mbili hugombea kuingia lango la mwenzake, na kila mtu huchagua bunduki. Rungu liko mwishoni kabisa mwa orodha ya silaha na hakuna anayeligusa, maana likigonga kitu linalipuka, na aliyelishika anakwenda nalo. Waoga. Mimi ni mpiga baruti wa duarani miaka yote hii na vidole vyangu ninavyo vyote. Isipokuwa kimoja, na hicho kilibanwa na mlango.

Mke wangu Elieth kauliza kwa nini mtu alipue mchana kutwa, halafu jioni aende mjini kulipua tena. Nahodha hajibu kila swali.

Jumatano, 11 Juni

Mazoezi na wachimbaji wa duara la jirani. Adui walijaa kwenye lango letu. Nikanyanyua rungu, nikapaza sauti kama tufanyavyo kazini kabla ya kuwasha utambi: Baruti! Baruti! Wote wakatimua, lango wazi. Hata kugonga sikugonga. Benedict, mwenzangu wa duarani, akirudi kutoka nje, kasema hajaona silaha ya namna hii.

Sanket kanivuta pembeni. Ati walikimbia sauti, si rungu. Ati mchimbaji akisikia neno lile miguu haimsubiri, lakini hao wa Nyahanga ni wauza simu na mafundi cherehani. Wivu huo. Nimemshauri anywe maji.

Ijumaa, 13 Juni

Nimefanya mazoezi ya sauti nyuma ya nyumba. Mbuzi wa jirani wamekata kamba. Mama mkwe, ambaye marehemu mumewe alichimba maisha yake yote, kajitupa nyuma ya tangi la maji. Nikamwamkia shikamoo. Kaitikia marahaba akiwa hukohuko.

Dalili njema.

Jumamosi, 14 Juni

Banda lilifurika. Nyahanga upande mmoja wa pazia, sisi upande wa pili. Nguvu sawa hadi dakika za mwisho, kisha wakajazana langoni kwetu, kama nilivyotaka. Nikapanda juu ya kiti. Nikapaza sauti yote niliyonayo.

Nyahanga hawakutikisika. Mmoja alimuuliza mwenzake kinauzwa nini. Lakini Benedict alitupa pedi ya gemu akaingia chini ya benchi, na wachimbaji wangu wote wakamfuata. Nje, Philomena wa maandazi alilala kifudifudi, mafuta yakaungua. Alibaki Sanket peke yake, anafyatua risasi huku akinitazama kwa jicho nisilolipenda. Nikamrukia adui kwa rungu. Nikamkosa, nikagonga nguzo. Likaniua mimi na Sanket. Nyahanga wakaingia langoni wakitembea.

Athanas alikisukuma kiti kwa Sanket kwa mkono wake mwenyewe. Iliniuma, nisiseme uongo. Mgongo nao uliuma.

Jumapili, 15 Juni

Nimetoka kanisani, nimekula ugali na sato, nimelala. Moyo umetulia. Benchi si baya ukikunja koti ukalikalia.

Nimewaza, na kosa nimeliona. Rungu halina shida. Sauti yangu haina shida. Shida ni elimu: watu wa Nyahanga hawajui maana ya baruti. Kesho napanda basi niende nikawafundishe, kwa upole, kwamba wakisikia neno hilo wakimbie. Marudiano ni mwezi ujao. Nimemwomba Sanket asiegemee sana, asije akakiharibu kiti changu.