Bunduki Yangu Inahitaji Miguu

Jumatatu, 8 Julai 1985. Adu.

Nimekosa tena. Nguruwe dume, hatua arobaini, kumekucha kweupe, mdomo umejaa mahindi. Akanitazama kama anayenijua. Nikapiga. Risasi ikatoboa pipa la maji la shamba. Maji yakamwagika, nguruwe akaendelea kula.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mkono wangu hautetemeki. Bunduki ndiyo nzito. Mtu akiishikilia nusu saa nzima akimsubiri nguruwe, lazima mtutu uyumbe. Hata angekuwa jenerali.

Bwana Phineas, meneja wetu, hataki kusikia. Anasema nguruwe wamekula robo ya mahindi na mihogo yote ya upande wa mtoni, na kwamba kampuni haikunitafutia kibali cha bunduki ili niue mapipa. Amenipa mpaka Jumamosi ya tarehe 20. Nguruwe afe. La sivyo bunduki inakwenda kuwekwa kituo cha polisi Malindi, mimi narudi ghalani kupima magunia, na kazi ya kulinda shamba anapewa Kahindi na nyavu zake.

Kahindi! Jirani yangu mlango kwa mlango, mtu asiyejua risasi inaingilia wapi. Alikuwa amesimama pale pale akisikiliza. Akauliza kwa upole kama pipa tulichune leo au kesho. Watu wote wakacheka, na meneja akiwemo.

Mama yangu kule Othaya ameliambia kanisa zima kwamba mwanawe ndiye bwana bunduki wa Pwani. Nitamwandikia nini? Kwamba napima magunia? Ghalani sirudi.

Dawa nimeshaijua. Bunduki yangu inahitaji miguu. Miguu miwili ya kukunja, kama niliyoiona kwenye bunduki za askari siku ya maonyesho Mombasa. Inasimama chini ya mtutu, wewe unalala kifudifudi nyuma yake, raha mustarehe. Masharti yangu ni mawili tu: iwe nyepesi, iwe ya bei nafuu. Wanjira, mke wangu, amesema niegemeze bunduki juu ya gunia la mchanga, halina gharama. Nimemjibu kwamba mimi na magunia tulishaachana.

Jumatano, 10 Julai. Malindi.

Nimekuja na mizani ndogo ya ghala, ile ya kuning'iniza. Mtu asinidanganye kuhusu uzito.

Kwanza kwa Aboud, anayeuza vitu vinavyoachwa na wageni wa mahoteli. Mtu wa Lamu, maneno yake matamu kuliko halua, bei zake chungu. Akanitolea kitu cha kusimamishia kamera kilichoachwa na Mtaliano. Bati jepesi, kinakunjwa, hakifiki hata kilo. Nikakipenda papo hapo. Kisha akataja bei, nikahitaji kuketi.

Nikamweleza kwamba kitu kina miguu mitatu na mimi nahitaji miwili, kwa hiyo apunguze thuluthi. Aboud akanijibu kwa adabu zote kwamba hata anayenunua kuku kwa ajili ya paja hulipia na shingo. Nikaondoka. Siwezi kufundishwa hesabu na muuza miwani iliyosahaulika.

Nikaenda kwa fundi wa baiskeli. Huko nikaona mwanga: uma wa mbele wa baiskeli kuukuu. Miguu miwili kamili, imeshapindwa vizuri, na bei yake sawa na chai na mahamri manne. Fundi akachomelea pete ya kushika mtutu, na vibati viwili chini visizame mchangani. Nikapima. Kilo mbili na nusu. Si nyepesi, nakiri. Lakini ni nafuu, na nusu ya masharti si haba.

Nilipopita tena kwa Aboud nimeibeba begani, akaniuliza baiskeli iliyobaki nimeiacha wapi.

Ijumaa, 12 Julai. Adu.

Uma haufai. Kosa si langu, ni la fundi.

Nilifika shambani mikono imekufa ganzi kwa mzigo. Nikalala, nikakunjua miguu. Mguu wa kushoto ukazama, wa kulia ukakataa. Bunduki ikalala upande kama mlevi. Nikaweka jiwe kushoto. Ukazama wa kulia. Nguruwe dume akatoka kichakani na wake zake wawili. Nikapiga hivyo hivyo.

Nimepiga sanamu ya kutishia ndege. Kichwani. Sanamu ile ilikuwa imevaa koti la zamani la Bwana Phineas, na meneja mwenyewe alikuwa anakuja na chai mkononi kuniangalia. Chai yote ikamwagika. Akasema amehesabu, zimebaki siku nane.

Jioni Kahindi akaja kutoa pole ya msiba. Akauliza marehemu atazikwa lini na kama koti linarithiwa. Nikamwambia anayecheka mwisho ndiye anayecheka. Akasema basi yeye atasubiri zamu yake ya kucheka.

Jumapili, 14 Julai.

Nimepata! Mungu hamtupi mja wake.

Nilikwenda kwa Kahindi kurudisha jembe. Hakuwepo. Mkewe Harusi alikuwa uani anakuna nazi, ameketi juu ya mbuzi ya nazi. Miaka saba niko Pwani, naiona kila siku, sijawahi kuitazama. Vibao viwili vimepishana kama mkasi. Vinakunjwa. Mbele ulimi wa chuma wenye meno, na nyuma ya ulimi, pale vibao vinapokutana, pana nafasi ya mtutu kama imepimwa! Nyepesi. Bure. Kila nyumba inayo, nami nimekwenda mpaka Malindi kununua uma.

Nikamwambia Harusi kwamba Wanjira anaiomba, anataka kupika wali wa nazi. Ikanitoka tu. Harusi alifurahi mno. Akasema miaka yote hii Mama Nyakio, ndivyo anavyomwita Wanjira, anapika na mafuta ya kopo, na leo ametaka kupika cha huku. Akanipa mbuzi, akaongeza nazi tatu, akasema tu irudi kesho kabla ya magharibi. Haraka ya nini? Kigoda tu hicho.

Nimepima. Kilo moja na robo. Nimefunga mtutu kwa ukanda wa mpira wa tairi. Haiyumbi hata kidogo. Nazi nimezificha chini ya kitanda.

Jumatatu, 15 Julai.

Asubuhi nguruwe hawakuja. Waoga.

Magharibi Harusi alituma salamu za kuuliza mbuzi yake. Nikajibu Wanjira bado anakuna. Saa moja akaja Kahindi mwenyewe. Akasimama mlangoni akinusa, akasema huo wali ni wa ajabu, hauna harufu. Akasema kwake jana wamekula mchicha chukuchuku bila tui, leo samaki chukuchuku, na watu wa nyumba yake hawakulelewa hivyo. Nikamwambia avumilie, ujirani ni kuvumiliana.

Wanjira alisikia yote. Ameniuliza ni wali gani anaoupika. Nimemweleza mpango. Amelala amegeukia ukuta.

Jumanne, 16 Julai.

Naandika nikiwa nimesimama, kuketi hakuwezekani.

Alfajiri nililala nyuma ya mbuzi ya nazi. Bunduki imetulia tuli. Dume akatoka, hatua thelathini, ubavu wote kwangu. Sijawahi kulenga vizuri vile maishani. Nikavuta pumzi. Nikahisi kitu kifuani. Kisha shingoni. Kisha pahali pengine.

Sungusungu. Kumbe makombo ya nazi hujificha kwenye kiungo cha vile vibao, na sungusungu wa Adu nzima walikuwa wanayajua. Nilivumilia. Naapa nilivumilia, mpaka walipofika ndani ya suruali. Bunduki ikalia nikiwa nimeshanyanyuka nusu. Risasi ilikwenda juu, huko iendako. Mbuzi ikapasuka vipande viwili.

Harusi alikuwa anapita na ndoo kichwani. Akanikuta bila shati, naruka, na mbuzi yake imevunjika, imefungwa kwenye bunduki. Akaitua ndoo. Akaokota kile kipande chenye ulimi, akaenda nacho.

Alhamisi, 18 Julai.

Nimeshtakiwa. Kikao kimefanyika kwenye baraza ya ghala, Mzee Dzombo akiwa mwamuzi. Watu walijaa kama siku ya mshahara.

Nilijitetea vizuri. Nilisema kitu kilichoazimwa kikifia kazini hakina kesi, na kwamba nilikuwa natetea chakula cha wote. Kahindi akasema siku nne hajaonja tui. Watu wakaguna kwa huruma, na mimi niliyeumwa na sungusungu mwili mzima hakuna aliyenionea huruma.

Kisha akasema Harusi. Mbuzi ile alipewa na mamake siku alipoolewa. Lakini akasema hailii mbuzi. Linalomuuma ni kwamba alifurahi, alidhani hatimaye Mama Nyakio amemwona ni jirani. Wanjira akainama. Nami niliona haya. Kweli niliona haya, sikujua pa kuweka macho.

Hukumu ya Mzee Dzombo: Menza seremala atachonga mbuzi mpya kwa gharama yangu. Mpaka iwe tayari, kila jioni nitakwenda kwa Kahindi kukuna nazi mwenyewe, juu ya mbuzi ya kuazima. Nikasema kwetu mwanamume haketi juu ya kitu kile. Mzee akasema aliyeweza kukilalia ataweza kukikalia.

Jioni nimekuna nazi mbili. Wake kwa waume walikuja kutazama. Harusi amesema nakuna mpaka kwenye kifuu, tui linatoka jeusi.

Jumamosi, 20 Julai.

Jana asubuhi Kahindi alimnasa dume. Nyavu tatu, mbwa wawili, mkuki mmoja. Hakuna hata aliyesikia kelele. Leo wamembeba kwenye mti mpaka kwa meneja, mkubwa kama ndama.

Saa nne Bwana Phineas akaichukua bunduki. Nimekuwa nayo miaka mitatu, naisafisha kila Jumamosi kwa kitambaa changu mwenyewe. Akaifunga kwenye gunia, akaiweka nyuma ya gari. Niliumia. Nilikwenda nyuma ya ghala nikakaa huko mpaka gari likaondoka.

Kahindi ametuletea nyama ya ubavu. Wanjira akazitoa zile nazi za chini ya kitanda, akaenda nazo kwa Harusi akafundishwe kuzipikia. Walikaa huko wakicheka hadi jioni. Wamepika pamoja, nimekula. Sikusifu.

Jumapili, 28 Julai.

Juma zima nimepima magunia na kukuna nazi. Mama sijamwandikia.

Lakini leo Menza amemaliza mbuzi. Nimelipa mimi, kwa hiyo vipimo nimetoa mimi. Nimefikiri sana, na nimegundua kwamba mpango wangu haukuwa na kasoro. Mbuzi ndiyo ilikuwa dhaifu. Hii mpya ina miguu mirefu zaidi kwa shibiri moja na bolti ya chuma kwenye kiungo. Nyuma ya ulimi nimemwambia Menza achimbe kijipango cha mviringo, akipige msasa, akivike mpira. Kilo moja na nusu!

Harusi ameijaribu. Miguu yake inaning'inia, haigusi chini. Ameuliza kijipango ni cha nini. Nimemwambia ni pambo. Kahindi amekitazama sana, akaingiza kidole, akanitazama mimi. Nikamuuliza hali ya mbwa wake.

Usiku huu nimemwandikia mkuu wa kituo cha polisi Malindi. Nimemweleza kwamba Jumatano saa tatu asubuhi nitafika na miguu ya bunduki yangu ili niijaribishe, na kwamba askari wake wasishangae wakiona ina ulimi wa kukunia nazi. Harusi sijamwambia bado. Siku moja bila tui haijaua mtu.